Wahome Akanyage, Wakonyo Afungue

Kwa miaka mingi hakuna fundi aliyegusa breki za pikapu ya Wahome. Alizitengeneza mwenyewe nyumbani kwake, nje kidogo ya Kitale. Kisha ugonjwa wa sukari ukamharibia macho. Mkewe, Wakonyo, akajifunza kuendesha, akawa yeye ndiye anayepeleka viazi sokoni Kimilili.

Jumamosi moja walikuwa wakijiandaa kwenda Bungoma kumwona mwana wao, Wachira. Wahome alitoka na kiti, akaketi kando ya gari. Alimwambia mkewe aweke mawe kwenye magurudumu, alegeze nati, apandishe jeki, kisha asukume gogo chini ya gari. Gurudumu lilipotoka, Wahome alizipapasa pedi za breki.

"Ziko sawa. Rudisha."

Wakonyo hakurudisha. "Baba Wachira, huku ndani kuna maji maji."

"Si ni matope ya jana."

"Jana haikunyesha."

Aliushika mkono wa mumewe, akaupeleka hadi kwenye mpira wa breki. Wahome alisugua vidole, akavinusa. Mafuta ya breki. Mpira ulikuwa umepasuka, na wiki iliyopita alikuwa ameupapasa akasema ni mzima.

"Basi hatuendi," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Leo hatuendi," Wakonyo alijibu, akampigia Wachira simu.

Alinunua mpira mpya mjini, akaufunga huku Wahome akimweleza. Ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye breki, kazi ya watu wawili. Wahome alitafuta mlango kwa mkono, akaketi nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza tangu macho yamwache. Wakonyo alilala chini na spana.

"Kanyaga! Shikilia hapo hapo!" Alifungua nati ndogo, mafuta yakatoka na mapovu, akafunga. "Haya, achilia. Kanyaga tena!"

"Unanipigia kelele hivi kwa nini, bana?"

"Kanyaga, mzee."

Wahome alicheka, akakanyaga. Walirudia hivyo, Wakonyo akiinuka kuongeza mafuta, mpaka mapovu yakaisha na breki ikawa ngumu chini ya mguu.

Baada ya kuijaribu gari polepole uani, waliondoka kesho yake. Kwenye mteremko kabla ya Kamukuywa, lori lilisimama ghafla mbele yao. Wakonyo alikanyaga breki. Pikapu ilisimama bila kuvuta upande.

"Nini hiyo?" Wahome aliuliza, mikono kwenye dashibodi.

"Ni lori tu. Linaenda sasa."

Wahome alimwambia aache nafasi zaidi nyuma ya lori. Wakonyo akaacha.