Sinia la Bi Zaina

Tangu daktari amwambie kwamba utumbo wake hautaki maharage, kabichi wala maziwa, Bi Zaina wa Vuga hali tena shughulini. Huchemsha ndizi zake na karoti, hula kwa wakati, hutafuna taratibu, na tumbo lililokuwa likimkimbiza chooni limetulia. Majirani nao wamezoea, hawamwiti tena kwenye sinia. "Mwacheni, ana mambo yake." Mambo gani, hawaulizi.

Leo, baada ya khitma ya jirani, alirudi kwake akapika wali kidogo. Hakuupakua kwenye sahani. Alishusha sinia la harusi yake, akautandaza wote, akaketi. Akala upande wa mbele yake tu, kama adabu ya kula na watu inavyotaka. Pande nyingine zikapoa.