Mtwara Si Mbali kwa Ndege

Juzi kwa wakala wa tiketi pale Temeke, mama mmoja aliuliza Mtwara ni mbali kiasi gani kwa ndege.

"Mwendo wa saa moja hivi, mama," karani akamjibu.

Hapo hapo mama akapiga simu. "Kaka, msimzike baba kwanza. Nakuja na ndege, si mbali."

Karani akageuka kutoka kwenye kompyuta. "Ila ya leo imejaa, mama. Nafasi ipo kesho jioni."

Mama akaisukuma simu chini ya kioo cha kaunta. "Waambie wewe. Mie nimeshasema nakuja."

Simu ikaanza kuita. Kaka mtu.

Angani tunakwenda kasi siku hizi, wasomaji wangu. Lakini kutoka mkono wa karani hadi simu ile palikuwa shubiri moja, na hakuna aliyefika.