Pipa la Mawese la Titye

Nilipopangiwa kufundisha Titye nikitokea Singida, sikujua hata salamu moja ya Kiha. Mama mwenye nyumba niliyopanga hakuona tatizo. Jumamosi ya kwanza alinigongea mlango.

"Mwalimu, vaa nguo ya kazi. Leo tunakamua mawese."

Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la chuma. Chikichi zilizochemshwa zilimiminwa humo, na ndani mlikuwa na vyuma vya kupondea vilivyozungushwa kwa mti mrefu uliolala juu. Kazi yetu wanawake ilikuwa kuusukuma mti huo, tukilizunguka pipa. Nilianza kwa kasi ya mtu anayetaka kusifiwa. Muda si muda nikawa naning'inia kwenye mti badala ya kuusukuma, nao wakacheka mpaka wakasimama.

"Taratibu, Mwalimu," Mama aliniambia. "Hapa hatukimbizani. Tunaongea."

Na kweli waliongea. Pale ndipo nilipojifunza Kiha: kwanza mwakeye ya kusalimiana asubuhi, kisha majina ya vyakula, mwishowe habari za watu. Neno nikilikosea, nililirudia mzunguko mzima. Jioni niliingia chumbani mikono ikiwa na rangi ya machungwa, viganja vinawaka moto, na moyo mweupe kabisa.

Miaka ikapita, mtoto wa kiume wa Mama akanunua mashine ya injini. Sisemi uongo, ilitupumzisha. Kazi ya kutwa ikawa inaisha kabla ya chai ya saa nne. Ila kwa kelele zile tulionyeshana kwa mikono tu, kisha kila mtu na ndoo yake, kwaheri.

Msimu uliopita mdogo wake Mama alikuja kumsalimia kutoka Murungu. Walikuwa hawajaonana siku nyingi. Mama akamgeukia mwanawe aliyekuwa akiandaa mashine.

"Hilo gunia moja la chikichi tuachie sisi."

"Na mgongo wako, Mama?"

"Mgongo ni wangu."

Tukaliosha pipa la zamani, tukashika mti. Mgeni akaanza kusimulia kwa Kiha jinsi Mama, siku ya kuposwa, alivyokimbilia kwenye shamba la muhogo akajificha, mpaka mbuzi aliyekuwa akila majani akamfichua mbele ya wakwe. Mama alikanusha kila tulipozunguka. Mimi nilielewa kila neno, nikacheka hadi machozi.

Kijana akatutazama kwa mbali kutoka kwenye mashine yake, akazima injini.

"Mnacheka nini?"

"Shika mti ndipo usikie," mama yake mdogo akamjibu.

Akashika. Ikabidi hadithi ianze upya, na safari hii mbuzi wakawa wawili. Mama akasema huo ni uzushi mtupu, lakini naye alikuwa anacheka. Kijana alisukuma mpaka gunia likaisha, kisha akaenda mwenyewe kuleta lingine.