Alinitazama, Mwalimu

Wiki ya kwanza kwa Mwalimu Shingo hakuna mwanafunzi anayegusa usukani. Wazazi hulalamika, wanafunzi hununa, na yeye wala hashtuki. Analiegesha lile gari lake jeupe lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa karibu na njia panda, mbele ya duka la dawa. Anazima injini, anashusha vioo, somo linaanza.

"Yule mama mwenye kapu. Anavuka, havuki?"

"Anavuka, Mwalimu. Si ameshashusha mguu?"

"Miguu huongopa, mwanangu. Tazama shingo."

Shingo ya yule mama ilikuwa imegeukia dukani. Kufumba na kufumbua akaurudisha mguu, akaingia kununua dawa, na gari zima likaguna "aaah!" kama watu walioonyeshwa kiinimacho.

Ndivyo Mwalimu alivyopata jina lake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, anayekalia mto ili aione barabara, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha vijana udereva kwa imani moja tu: gari halina nia, mwenye nia ni mtu. Ukijua mtu anataka kufanya nini kabla hajafanya, hutamgonga. Kwanza shingo, halafu mabega, mwisho macho. "Macho yenu yakigongana," aliwaambia, "ujue amekuona. Na aliyekuona hajitupi mbele yako." Walikuwa wanaandika kwenye madaftari. Watoto wa watu, waliandika!

Katika wote aliowafundisha, hakuna aliyesoma watu kama Kibiriti. Binti wa miaka kumi na tisa, mwembamba, maneno yake yanawaka kabla hujamaliza yako. Siku ya pili tu alimwonyesha Mwalimu kijana wa baiskeli aliyekuwa akija moja kwa moja. "Huyu atakata kona. Amemwona mpenzi wake wa zamani pale." Na kweli akakata, tena kwa kasi, nusura aikumbatie nguzo. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Kibiriti alifaulu mtihani mara ya kwanza, akapata kazi ya kuendesha gari la kiwanda cha mikate, aanze Jumatatu.

Jumamosi akamgonga fundi viatu.

Ilikuwa mchana kweupe, gari la mjomba wake, mwendo wa kumsindikiza mgeni. Fundi viatu, mzee anayeshonea karibu na kituo cha mabasi, alikuwa amesimama ukingoni. Kibiriti akapunguza mwendo. Mzee akageuka, akamtazama usoni. Macho yakagongana. Kibiriti akaachia breki, na mzee akashuka barabarani kama mtu anayeingia chumbani kwake. Mguu ukavunjika chini ya goti.

"Alinitazama, Mwalimu," Kibiriti alisema kule polisi. "Haki ya Mungu, alinitazama."

Afisa wa trafiki alikuwa ameshaitia leseni yake kwenye bahasha. Ijumaa ndiyo angeamua: airudishe, au aifungie mwaka mzima. Kiwanda nacho kilikuwa kimekubali kungoja mpaka Ijumaa, siku moja zaidi hakuna.

"Kila anayegonga mtu huja na wimbo huo," afisa alisema. "Alinitazama, alinitazama. Kwa hiyo aliyekutazama alikuwa amechoka kuishi?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mwalimu Shingo alibaki ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Kanuni ile ilikuwa yake, herufi kwa herufi, na mtoto alikuwa ameifuata.

Wiki ile hakufundisha, alibabaisha tu. Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, huyu anavuka?" alijibu, "Sijui," na vijana kwenye kiti cha nyuma wakakonyezana. Hawakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Alhamisi akamchukua Kibiriti, wakaenda kumjulia hali mgonjwa. Mzee alikuwa anaishi chumba kimoja, kitanda upande huu, upande ule meza yenye nyundo, sindano na makopo ya gundi, kila kitu mahali pake kana kwamba kimepigiwa msumari. Alikuwa amekaa kitandani, mguu ndani ya plasta.

"Karibuni, wanangu, karibuni. Mwalimu, kaa hapo kwenye kiti. Nawe binti, stuli hiyo." Akawageuzia uso, anatabasamu. "Mguu huu umenitembeza miaka sabini. Acheni nao ulale."

Kibiriti akapiga moyo konde, akasimama, akamnyooshea mkono. Hakutanguliza neno la kuomba radhi, alinyoosha tu.

Mkono ukabaki hewani.

Mzee aliendelea kutabasamu, amemkazia Kibiriti macho, na ule mkono uko shibiri moja kutoka kifuani kwake. Kwa miaka mitatu Mwalimu alikuwa akimpelekea viatu mzee huyu, wakitaniana ana kwa ana. Sasa ndipo alipoona: kila mtu aliposema, kwa mzee lilitangulia sikio, macho yalifuata.

"Babu," Kibiriti akasema polepole, "mbona hunipi mkono?"

Tabasamu likazimika. "Umeunyoosha?"

Mzee akapapasa hewani mpaka akaupata, akaushika, hakuuachia.

"Mtoto wa jicho. Yote mawili," alisema. "Mwanga nauona, na kivuli cha mtu. Sura siioni. Kushona hakunishindi, vidole vyangu vina macho yao. Ila nani atampa kiatu fundi kipofu? Watasema nitawashonea na kidole humo humo. Nikajifunza kutazama. Nikisikia sauti, naitazama."

"Hata gari?"

"Hata gari. Nilikusikia umepunguza mwendo. Nikasema moyoni, dereva huyu ana adabu, ananipisha."

"Nilipunguza ili unione, babu! Ulipogeuka nikajua umeniona."

"Na mimi nikajua umesimama." Mzee akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Halafu akaubana ule mkono. "Msinisemee, wanangu. Kazi ile ndiyo inayonifanya niitwe mtu."

Njiani Kibiriti alikuwa anapiga teke kila kijiwe alichokikuta.

"Kesho utamwambia nini afande?" Mwalimu aliuliza.

"Usiniulize, Mwalimu. Tafadhali."

Ijumaa wakakaa mbele ya afisa. Bahasha ilikuwa mezani, imelaliwa na kikombe cha chai. "Una la kuongeza?" afisa akamuuliza Kibiriti.

Kibiriti akageuza shingo, akamtazama Mwalimu wake machoni, muda mrefu. Mwalimu akamsoma kama alivyosoma watu miaka kumi na tisa: mabega yameshuka, macho yamelengwa na machozi. Mtoto anaomba kuokolewa.

"Afande, yule mzee haoni," akasema. "Mtoto wa jicho. Na aliyemfundisha huyu kuamini macho ya mtu ni mimi. Kama kuna wa kuadhibiwa, niadhibu mimi."

Afisa akaweka kalamu chini. Akamtuma askari kwa mzee na hospitali. Kabla ya adhuhuri leseni ikatoka kwenye bahasha, pamoja na onyo la mdomo.

Barazani Kibiriti alimgeukia. "Nani amekutuma?"

"Si ulinitazama, mwanangu."

"Nilikutazama nikikuomba unyamaze!" Sauti yake ilifanya watu wawili wageuke. "Nilikuwa nimeshaamua. Mwaka mmoja ningekaa. Mimi nina miaka kumi na tisa, yeye ana nini?"

"Na akivuka tena mwezi ujao? Akikutana na dereva asiyepunguza?"

Kibiriti akauma mdomo. Hilo hakuwa amelifikiria, lilionekana. "Basi tungemwambia yeye," alisema mwishowe. "Yeye mwenyewe, kwanza. Si afande." Akaondoka na leseni yake mkononi, hata kuitia mfukoni hakukumbuka.

Mwalimu Shingo alikaa barazani pale mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa. Kisha akainuka kwenda kwa mzee, angalau mzee asikie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ndiye aliyemsemea.

Ndara za Kibiriti zilikuwa zimeshafika mlangoni. Mwalimu akasimama, mguu mmoja kizingitini.

"...kwa hiyo nimekuwa kipofu rasmi," mzee alikuwa anasema ndani. "Sasa nitavushwa barabara hata siku nisiyotaka kuvuka." Kibiriti hakucheka. Mzee akaelekeza sikio mlangoni. "Huyo hapo ni mwalimu wako?"

"Ndiye."

"Mwambie aingie au aondoke. Ananizibia mwanga."

Mwalimu akavua viatu, akaingia. Hakuna aliyemwonyesha kiti. Akaketi sakafuni kwenye saruji, mkoba mapajani, akatafuta pa kuanzia.