Nepi Chini ya Tangi

Mama Redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniletea habari hiyo nikiwa juu ya paa letu la zege, vibanio vya nguo mdomoni. Hajawahi kumletea mtu habari wakati anaweza kujibu.

"Shoga, mimi si mtu wa maneno," alianza, nikajua maneno ni mengi. "Lakini yule Pima anakutazamia nguo. Chombo kiko kule majini, macho yapo hapa, hapepesi. Juzi kapita saa mbili, jana karibu saa tatu, leo saa nne kasoro. Mtu mwenye nia njema angepita saa ileile kila siku. Huyo anakuvizia."

Nilitoa vibanio. "Anatazama nguo zipi?"

"Zote. Mpaka za ndani."

Sijui alizionea wapi za ndani. Kwenye kamba kulikuwa na nepi thelathini za mapacha wangu wa miezi minane, na shuka moja jekundu. Lakini Mama Redio akishasema kitu, kinakuwepo.

Pima si jina alilopewa na mama yake. Ni nahodha wa mashua ya tanga inayoleta saruji na vitunguu kutoka ng'ambo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mguu mmoja anauburuta kidogo. Anaitwa Pima kwa sababu ya upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ambao ameuzungushia pete za rangi ili ajue maji yana kina gani. Haachani nao. Hata barabarani akikuta dimbwi, huutumbukiza kwanza.

Si kichaa. Mlango wa bandari yetu ni mkondo mwembamba kati ya mafungu mawili ya mchanga, na mchanga wenyewe unahama. Mto unauleta, bahari inaupanga, ofisi ya bandari inausubiri umalize. Chombo cha tanga hakina nafasi ya kubisha humo, yaani kwenda mshazari huku na huku kuukabili upepo. Unaingia moja kwa moja maji yakijaa, au unapanda fungu na kukaa hapo unatazamwa na mji mzima mpaka maji yajae tena. "Mchanga ni kama shemeji," Pima husema. "Haupigi hodi, na ukishakaa hauondoki."

Ofisi, kwa huruma yake, iliweka maboya mawili. Mkuu wa bandari aliyatia palepale ramani iliposema, na ramani ilichorwa nikiwa darasa la kwanza. Ni maboya mazuri, yanapakwa rangi kila mwaka. Ila mkondo haukupewa nakala ya ramani. Kisha mkuu akabandika tangazo: nahodha atakayekwama mara tatu kwa mwaka, leseni yake inafutwa. Pima alikuwa amekwama mara moja tu, mwezi wa pili, siku aliyoamua kuyatii maboya.

Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilifanya anachofanya mwanamke mwenye heshima zake: nikahamishia kamba yangu uani, nyuma, pasipoonekana na mtu. Baba watoto ni fundi mwashi, anafanya kazi mbali na kurudi mwisho wa wiki, na sikutaka apokelewe kituoni na matangazo ya Mama Redio. Habari ilikuwa imeshafika kwa mke wa Pima, ambaye ni mshonaji. Nasikia hakuondoa hata mguu kwenye cherehani. "Kama nguo ndizo anazozipenda," alimjibu Mama Redio, "mwambie aanze kwa kufua zake."

Kesho yake, saa tano kasoro, mashua ikapanda fungu. Mifuko themanini ya saruji ndani, chombo kimelala ubavu kama ng'ombe aliyegoma. Mkuu wa bandari alitoka ofisini, jambo la nadra, akapiga picha kwa simu. Hiyo ikawa ya pili.

Jioni Pima alipiga hodi kwangu. Mama Redio alikuwa anafagia mlango wake, kwa mara ya tatu siku hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama mapacha. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akashusha pumzi. "Nilidhani wamelazwa. Nepi sikuziona."

Fagio la jirani likasimama.

"Mzee," nikasema, "nepi za wanangu zinakuhusu nini?"

Alichuchumaa, mguu mbovu kaunyoosha, akachora sakafuni kwa kidole kilicholowa. "Zamani kulikuwa na ghala lenye ukuta mweupe hapa chini, na tangi la maji la shule kule kilimani. Nikiuona ukuta umekaa chini ya tangi sawasawa, niko katikati ya mkondo. Ghala wakalivunja."

"Wakajenga nini?"

"Ofisi ya bandari. Ya vioo. Jua likiipiga, huoni hata mkono wako." Akaweka nukta nyingine. "Mapacha walipozaliwa nikapata ukuta mpya. Nepi zikikaa chini ya tangi, niko njiani. Zikitokeza kushoto kwake, nimekwenda kulia mno, nazifuata. Tangu siku ile ya maboya sijagusa mchanga. Mpaka leo."

"Na mbona kila siku unapita saa yake?"

"Maji ndiyo yanayochelewa, mwanangu. Kila siku karibu saa nzima. Mimi nayafuata tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Nipige hodi kwa mke wa mtu, nimwambie natazama nguo zake?"

Niliona aibu, na kidogo nilifurahi. Miezi minane nafua nepi thelathini kwa siku nikidhani hakuna anayeziona isipokuwa wanaozichafua.

"Alhamisi mkuu wa bandari anapanda chomboni kunijaribu," alisema, sasa haniangalii. "Nikikwama naye ndani ndiyo ya tatu. Miaka ishirini na sita ya usukani, mama mapacha. Kazi nyingine siijui, hata ya kufagia."

Fagio la jirani likaanza tena kwa haraka.

Alinielekeza: kamba irudi juu ya paa, lakini hatua nne upande wa ngazi, kwa kuwa mkondo umehama, na lile shuka jekundu likae katikati.

Alhamisi maji yalikuwa yajae saa saba na ushee. Saa saba kamili wingu jeusi likaja. Wanawake wa mtaa mzima wakapanda mapaani, nguo zikaanuliwa.

"Anua, shoga, hiyo mvua," Mama Redio aliniita kutoka paa lake.

"Naiona."

"Nepi zitalowa."

"Zimezoea."

Mvua ikashuka. Upepo ukalisokota shuka kwenye kamba likawa jembamba kama utambi, nikaenda kulivuta ncha ya chini kwa mikono miwili. Pacha mmoja mgongoni chini ya kanga, mwenzake kwenye beseni tupu ndani ya mlango wa ngazi, anacheka peke yake. Kule majini niliona tanga, na mbele ya chombo mkuu wa bandari kajifunika ramani kichwani. Hatimaye ilifaa kitu. Alinyoosha mkono kwenye boya la kijani. Pima akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kwa heshima kubwa, akalipita boya upande mwingine.

Katikati ya mlango wa bandari mashua ikapunguza mwendo. Mlingoti ukayumba. Shuka likanichoropoka ncha moja, na kabla sijaidaka, mkono mwingine ukaidaka. Mama Redio, kalowa chapachapa.

"Nashika tu lisianguke," alisema.

Tukalitanua. Mlingoti ukasimama wima, tanga likajaa, mashua ikaja.

Kesho yake tangazo jipya lilibandikwa: majaribio yamethibitisha kwamba maboya yako mahali sahihi. Pima alibaki na leseni yake. Nilipomuuliza kama hakuchukia, alisema, "Mwache. Yeye anataka kusifiwa, mimi nataka kupita." Mama Redio naye siku hizi anasimulia kwamba shuka lilikuwa wazo lake.

Jumapili Pima alikuja na mkewe, aliyewashonea wanangu bibu mbili za kuzuia udenda, za mabaki ya vitambaa. Pacha mmoja alikuwa kashika kigoda, anajaribu kusimama. Pima alimtazama muda mrefu, vile anavyotazama fungu linaloota.

"Wanakua haraka," alisema.

"Wanakua, mzee."

"Kuanzia Jumatano sogeza hatua moja tena upande wa ngazi. Mchanga umeanza kunenepa." Akakohoa kidogo. "Na jingine, mwanangu, usinielewe vibaya. Hawa watoto, habari ya kuwakalisha kwenye poti, nakuomba usiwe na haraka."