Mwezi Nilioukosea

Ukuta wenyewe ulikuwa mrefu na mchafu, na hakuna aliyeutaka isipokuwa mimi. Uko Ujiji, mwaloni, upande ule ambao boti hushusha dagaa asubuhi. Mimi ni mchoraji wa vibao. Saluni nyingi za mtaa wa Mwanga zenye mwanamke wa nywele ndefu mlangoni ni kazi ya mkono wangu, na wanawake wote hao wanafanana kwa sababu nilikuwa najua sura moja tu. Nilipochoka kuichora sura ile, nikaanza kuutamani ukuta.

Serikali ya mtaa ilinikubalia kwa sharti moja: watu wanaofanya kazi pale ukutani waridhie kwanza. Nikaona hilo ni jambo la dakika tano, maana wenzangu wa kazi nilishawapata. Fundi mwashi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye huongea kidogo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, alijitolea kupiga plasta palipobomoka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga alitoa rangi, ila nyingi ilikuwa bluu, kwa sababu bluu ilikuwa imemdodea. Nilimshukuru kana kwamba nilikuwa naiota bluu maisha yangu yote.

Walibaki akina mama wanaoanika dagaa. Hutandika nyavu zao kuukuu chini ya ule ukuta kwa kuwa unawakinga upepo. Kiongozi wao ni mama wa umri wa mama yangu mdogo. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho huku akiendelea kugeuza dagaa wake. Kisha akakataa. Kesho yake nilirudi na kreti la soda. Wakanywa soda, na bado akakataa.

Nilikasirika. Nilimwambia fundi mwashi kuwa watu wengine hawapendi maendeleo. Yeye akaniuliza kama nimewauliza wanaogopa nini, na sikuwa nimewauliza. Mara ya tatu nilikwenda mikono mitupu, nikachuchumaa kando ya mama, nikauliza. Akanieleza kwamba zamani walikuwa wakianika sehemu nyingine, si mbali na hapo. Ikapandwa maua, yakaletwa mabenchi, halafu wakaambiwa harufu yao inafukuza watu.

"Pakipendeza tu, sisi tunaondolewa," alisema. "Acha pabaki pabaya, mwanangu, tupate kula."

Nilimwahidi kwamba wao wenyewe watakuwemo kwenye picha, na kwamba hakuna atakayegusa hata futi moja ya mahali pao. Nilimwahidi bila kujua nitaitimiza vipi ahadi hiyo. Akafikiri sana, kisha akanipa kipande cha mwisho cha ukuta nichore, aone kwanza.

Nikachora kitu nilichokiona kizuri kuliko vyote: ziwa usiku, boti na taa zake zikivua dagaa, na juu yake mwezi mkubwa wa mviringo, mweupe pe. Ilinichukua siku tatu. Nilipomaliza nikamwita mama. Akasimama mbele ya picha, mkono kiunoni, akamwita mwenzake kwa Kiha, naye akawaita wengine. Mara wote wakaangua kicheko. Wavuvi wakaja kuona kuna nini, nao wakacheka zaidi. Mimi nilibaki nimesimama na brashi yangu kama mtu aliyevaa suruali nyuma mbele.

Fundi mwashi ndiye aliyenionea huruma, akanieleza. Dagaa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, na dagaa hutawanyika. Kwa hiyo siku za mwezi boti hazitoki. Pale mwaloni hakuna asiyejua hilo. Mimi nimezaliwa Rusimbi, hapa hapa mjini, nimekula dagaa tangu niote meno, na sikujua.

"Fundi," mama akaniambia, akijifuta machozi kwa pindo la kanga, "hawa wavuvi wako watarudi na maji."

Niliona aibu hasa, nikataka kuufuta mwezi siku ile ile. Mama ndiye aliyenikataza. Alisema mwezi ubaki, ila boti zivutwe ufukweni, kwa sababu siku za mwezi ndizo siku zao: nyavu zinashonwa, watu wanatembeleana, harusi zinafanyika. Yeye mwenyewe aliolewa wakati wa mwezi. Kabla sijasema kitu alikuwa ameshaanza kunionyesha kwa kidole mahali pa kumweka bibi harusi.

Tangu hapo nikaachiwa ukuta wote, na kila asubuhi nilikuta masahihisho yananisubiri. Mvuvi mmoja alinifutisha fundo la wavu mara mbili. Akina mama walibishana siku nzima kuhusu kanga ya bibi harusi, bluu ikashinda, nami nikashusha pumzi. Fundi mwashi alipachika kokoto halisi kwenye plasta, pale palipochorwa ufuko. Lilikuwa wazo lake mwenyewe, na lilinikera kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko yangu yote. Upande wa pili wa ukuta nilichora mchana, na hapo walisimama akina mama kumi na mmoja wakianika dagaa, kila mmoja na sura yake. Walinikalisha chini kama mwanafunzi mpaka nikazijua sura zote. Sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi, ofisa mmoja mwenye viatu vinavyong'aa. Aliusifu ukuta kwa moyo wote. Kisha akasema kwamba kwa kuwa sasa pamekuwa pazuri, ingefaa nyavu za dagaa zihamishiwe mbali kidogo, watu wapate nafasi ya kupiga picha.

Mama hakunitazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikajikaza, nikasema kwamba ukuta ulitolewa kwa ridhaa ya hawa akina mama, na kwamba mimi nilishika brashi tu, waliochora ni wao. Fundi mwashi akasema, "Ni kweli." Wavuvi wakasogea wakasimama nyuma yetu. Mgeni rasmi akatutazama, akautazama ukuta, akarudi nyuma hatua mbili ili auone wote.

Mama akamwambia kwa heshima zote, "Samahani, baba, sogea kidogo. Umekanyaga dagaa."

Akatazama chini, akaomba radhi, akasogea yeye.