Mkono Wenye Picha

Televisheni ya baba mkwe wangu ilikuwa na maradhi yote ya uzee. Ilichelewa kuamka, ilianza kusema kabla ya kuonyesha uso, na ikichoka ilitaka makofi ya ubavuni. Aliinunua kwa kahawa, ikiwa tayari imetumika kwa mtu mwingine, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima ya Mbinga kugombania magunia yetu. Iliendeshwa kwa betri ya gari, ambayo mume wangu aliifunga nyuma ya baiskeli na kuipeleka mjini kuchajiwa. Juu yake mama mkwe alitandika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki.

Mimi sikuwahi kuona picha yake. Katika nyumba ile mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hawasemeshani uso kwa uso. Yeye akiwa sebuleni, mimi hupita nyuma ya nyumba. Shikamoo yangu niliitoa nikiwa nje, na marahaba yake ikanifikia kupitia dirishani. Akiwa na neno kwangu, analileta mama mkwe; nikiwa na neno kwake, analipeleka huyo huyo. Kwetu Kihagara, kule ziwani, mambo hayo yalikuwa yamelegea, lakini ndiyo nimeshaolewa huku.

Antena ilikuwa nje, juu ya mwanzi mrefu kando ya kichanja cha kuanikia kahawa. Kuigeuza ilikuwa kazi ya yeyote aliye karibu. Jioni moja nikaambiwa nigeuze mimi, mtoto akiwa mgongoni, na ndani wakashangilia: picha imetulia. Nilipouachia mwanzi, chenga. Akashika mume wangu, chenga. Akashika mama mkwe, chenga tupu. "Ina mkono wake," mama mkwe akatangaza, na mimi nikafurahi kusifiwa, mjinga mimi.

Tangu hapo jioni zangu zikawa za mwanzi.

"Imekuja?"

"Bado! Kidogo kulia! Hapo hapo, usipumue!"

Nilisimama pekupeku kwenye matope, kwenye baridi ya Mbinga inayouma mpaka kwenye meno, nikisikiliza dunia kupitia dirishani. Wao walicheka, nami sikujua wanacheka nini. Niliionea wivu ile betri, maana yenyewe angalau ilipelekwa mjini.

Ndipo mama mmoja anayepandisha usipa, dagaa wa kwetu, kutoka ziwani alipokuja na salamu. Mama yangu macho yanafunga. Amesema nimlete mtoto, kifungua mimba wangu, amwone sura kabla giza halijawa giza kabisa. Nilimwomba mama mkwe anifikishie kwa mzee. Kesho yake akaniletea jibu huku anapepeta mahindi.

"Baba yako anasema usubiri kwanza televisheni ipone."

Ipone! Mgonjwa wangu alikuwa Kihagara, lakini aliyeitiwa fundi alikuwa wa sebuleni. Fundi alikuja, akafungua mgongo wa televisheni, akafagia mende waliohamia humo kutafuta joto, akachomelea waya mbili tatu. Akatukaripia kwamba kitambaa kinaiziba pumzi. Kitambaa kikatolewa, na fundi alipogeuza mgongo tu mama mkwe akakirudisha, maana televisheni wazi ni aibu mbele ya wageni. Kabla hajaondoka fundi alisema kweli yake: "Hii imezeeka, wazee wangu. Tafuteni nyingine."

Hapo tena ndipo kesi ilipoanza. Mume wangu alitaka mpya, ya rangi, kama zilizojaa sasa kwenye maduka ya mjini. Mama mkwe alisema tungoje mavuno. Wajomba walikuja wakanywa pombe, wakajadili, wakaondoka bila jibu. Wakati wote huo mimi nilishika mwanzi. Nililiombea lile sanduku life, nalo halikufa. Mtoto akaanza kukaa mwenyewe, kisha akasimama dede. Mama wa usipa akapanda tena, akaniambia, "Mama yako anauliza, anakuja au haji?"

Jioni ile mvua ilikuwa nyembamba na mbaya. Wakaniita: kushoto, rudisha, umelala? Kitu kikakatika ndani yangu. Nikauachia mwanzi, nikazunguka nyumba, nikaingia sebuleni na matope yangu. Mama mkwe akashika mdomo. Mzee akageuza uso haraka ukutani, kama desturi inavyotaka, nami nikapiga magoti nikizungumza na mgongo wake.

"Shikamoo baba. Mama yangu anakuwa kipofu. Naomba ruhusa nimpeleke mtoto."

Akauuliza ule ukuta, "Nani alikukataza?"

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama chenga. Mume wangu naye akatazama chenga. Nikaelewa kwamba neno langu halikuwahi kuvuka ule mlango, na kwamba mume wangu, aliyekula na baba yake kila siku, hakuona haja ya kulivusha.

"Televisheni nunueni, au msinunue," mzee akasema. "Huyu kesho aende kwao."

Nikateremka na lori, mtoto mapajani, tukizunguka kona baada ya kona mpaka ziwa likatokea chini. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Alitugeukia kwa sauti ya nyayo zetu. Nilimpakatisha mtoto, naye akampapasa paji la uso, pua, kidevu, polepole, kisha akaanza upya.

"Amefanana na nani?" akauliza.

"Na wewe, mama."

Akaendelea kupapasa. "Mbona umechelewa, mwanangu?"

Nikamwambia tulikuwa tunatengeneza televisheni.